Masika ya Waseme

Jumamosi, 5 Aprili

Sikukuu imekwisha na mvua bado inatuchezea. Asubuhi wingu lilifunga hata nikaanua nguo, adhuhuri jua likawaka kama halijui kitu. Nimerudi kijijini, huku Kusini, tangu nilipomaliza eda ya marehemu mume wangu, na leo ndiyo mara ya kwanza nakaa kuandika. Mjini, Mkunazini, nilikuwa na cherehani yangu na wateja wa kuzungumza nao. Hapa nina mdogo wangu Matar, shamba la mama, na mbwa watatu.

Matar ni msasi, mwindaji wa nguruwe, kama baba na babu. Lakini hawa mbwa wake si wale wa baba. Matar alikuwa mlinzi wa mwanamke mmoja wa Kizungu mwenye nyumba ya wageni Jambiani, na mwaka wa korona yule mama alipoondoka kwa haraka hakuweza kuwachukua mbwa wake wawili. Aina yao aliiita wipeti. Dume keshakufa. Jike, Radhi, ndiye mama wa Ukuni na wa mdogo wake Waseme. Jina la Waseme alilitoa Matar kwa ajili ya majirani, kwa sababu kila apitaye hapa husema tunawanyima chakula. Na kweli wembamba wao unatia aibu: mbavu wazi, kiuno kama cha nyigu, miguu vijiti.

Mimi sikuzoea mbwa. Nawapikia muhogo na vichwa vya samaki, lakini chombo chao kina mahali pake, na mate yao yakinigusa naosha mara saba, moja kwa udongo. Matar ananicheka. "Dada, utaumaliza udongo wa Unguja."

Jirani yetu Abrahman, ambaye shamba lake linapakana na letu, hapiti bila neno. Leo alisimama upande wa pili wa njia, kanzu kaishika kwa mikono miwili isije ikaguswa. "Bi Mwanamwema, mwambie nduguyo. Iko siku mbwa hawa watatutia msibani."

Nilimjibu kwa adabu. Moyoni nilisema: na nguruwe walipolima viazi vyako vikuu kabla ya Ramadhani, ulimwita nani?

Jumatatu, 7 Aprili

Mvua. Mbwa wanatetemeka kama wana homa. Matar kaniomba niwashonee vizibao vya magunia. Nimekataa.

Jumatano, 9 Aprili

Nimewashonea.

Jumamosi, 12 Aprili

Leo nimeufuata msako. Nguruwe wameshaingia mashamba manne, na wasasi walitaka mtu wa kubeba maji. Tulitembea hadi ndani ya maweni, ambako ardhi ni jiwe lenye meno na vichaka. Mbwa wa kienyeji walitangulia wakinusa na kubweka. Wipeti wetu walikaa kimya juu ya jiwe, masikio nyuma, wakitazama tu. Mmoja wa wasasi akanong'ona kuwa hawa ni wa kupigwa picha.

Kisha kichaka kikatikisika. Sikuona walivyoondoka. Niliona jiwe tupu, halafu mistari mitatu ya rangi ya mchanga ikipita chini ya miti. Hawakutoa sauti yoyote. Nguruwe alikuwa mkubwa, akakata kushoto, na Waseme akawa keshafika kushoto. Akakata kulia, akamkuta Ukuni. Wakamgeuza hivyo hivyo hadi akaingia mwenyewe kwenye wavu, na mikuki ikamaliza kazi.

Nilijikuta nimesimama nimefunika mdomo kwa mtandio.

Ukuni alirudi na ngozi ya paja imechanika kama karatasi. Ngozi yao nyembamba, jiwe tu linaipasua. Matar alimshika kichwa, akanitazama. "Dada, wewe ndiye fundi."

Nimeshona mabuibui ya maharusi mjini, sijawahi kushona kiumbe. Nilichemsha sindano na uzi, nikamshona. Hakulia. Alitetemeka tu, akaweka kidevu juu ya goti langu hadi nilipomaliza. Jioni niliosha mikono mara saba, na nilipokuwa nikiosha nikaona kwamba sikuwa na karaha yoyote.

Jumanne, 15 Aprili

Mvua kutwa. Ukuni anakula. Abrahman kaonekana akitazama viazi vyake, hakusema kitu.

Jumamosi, 19 Aprili

Sheha wetu, Mzee Makungu, katuita sote uwanjani. Kuna mbwa mwekundu asiyejulikana mwenyewe anazunguka baina ya vijiji, mdomo unamchuruzika, kamuuma mbuzi wa watu na kamkimbiza mwanamke aliyekuwa akienda kisimani. Kuanzia leo kila mwenye mbwa amfunge. Msako umesimamishwa.

Alikuwepo Bi Shamsi, bibi mifugo wa wilaya, mwanamke wa maneno machache, mabuti yamejaa tope. Alikuja kwetu. Radhi na Ukuni walichanjwa kichaa cha mbwa mwaka jana. Waseme alikuwa mtoto mno wakati ule.

"Dawa ikifika namchanja yeye kwanza," alisema. "Mpaka hapo, kamba fupi."

Matar alimfunga. Lakini kichwa cha wipeti ni chembamba kuliko shingo. Waseme alirudi kinyumenyume mara moja, na kola ikamtoka kama bangili.

Jumanne, 22 Aprili

Baada ya chai ya asubuhi nilisikia vurugu shambani. Nilipofika, Matar alikuwa ameshika mpini wa jembe, anahema, na mbwa mmoja mwekundu, mchafu, anakwenda zake kuelekea maweni kwa mwendo wa mlevi. Waseme alikuwa amejichomoa kwenye kola yake tena. Sikio limetoboka, damu shingoni.

"Kakuuma?" nilimuuliza Matar.

"Mie? Hata. Nimejikwaruza kwenye jiwe."

Alikuwa ameshajifunga kitambaa kwenye kifundo cha mkono.

Jumatano, 23 Aprili

Mvua. Kitambaa bado mkononi. Kasema niseme Waseme kachanwa na seng'enge.

Alhamisi, 24 Aprili

Mvua. Sheha kapita kuuliza kama yule mbwa mwekundu kapita huku. Matar kasema hapana. Mimi nilikuwa nikichambua mchele. Niliendelea kuchambua.

Ijumaa, 25 Aprili

Yule mbwa mwekundu kaonekana amekufa ndani ya maweni. Vijana waliomkuta walimchoma moto kwa hofu kabla Bi Shamsi hajafika, kwa hiyo hakuna wa kusema alikuwa na nini. Matar kafurahi. "Umeona? Kisa kimekwisha." Lakini hali chakula vizuri.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimeona. Alikuwa akitawadha uani, kakifungua kitambaa, hakujua kama nimesimama mlangoni. Si mkwaruzo wa jiwe. Ni matundu mawili chini na mawili juu, ukingo wake mwekundu.

"Matar."

Aliufunika mkono kama mtu aliyekutwa uchi.

"Umeumwa na yule mbwa."

"Kidogo tu. Nimeosha kwa sabuni, nikapaka na dawa."

"Dawa gani?"

"Dawa ya wasasi. Baba alikuwa akiitumia."

"Baba aliumwa na mbwa mzima. Twende hospitali. Leo."

Akakaa kwenye ukingo wa kisima. Mdogo wangu ni mtu wa miraba minne, aliyewahi kusimama mbele ya nguruwe na mkuki mmoja. Leo nilimwona mdogo.

"Nikenda hospitali wataniuliza nani kaniuma. Nikisema, wataambiwa kina Bi Shamsi, na Bi Shamsi ataambiwa kama Waseme naye kaumwa. Wataua wote watatu, dada. Unamjua Abrahman. Anangojea hilo tu."

"Na wewe ukifa?"

"Sifi."

"Umejuaje?"

Alitaka niape kwamba sitamwambia mtu. Nilikataa kuapa, akaondoka akaenda kukaa na Waseme, mkono wenye kidonda juu ya mgongo wake.

Nimeshindwa kuswali Alasiri kwa utulivu. Nilimzika mume Novemba. Sina ndugu mwengine.

Jumapili, 27 Aprili

Naandika nimechoka lakini lazima niandike.

Nimefanya jambo ambalo sikulifikiria. Baada ya Alfajiri nilivuka njia nikaenda kwa Abrahman. Nilimkuta akipakia ndizi kwenye keri yake, kigari cha mizigo, kwa ajili ya soko la Darajani. Hakuna gari nyengine karibu, na hakuna mtu mwengine aliyekuwa akiogopa mbwa vya kutosha kunisikiliza. Nilimwambia yote. Nilitegemea aseme: nshakwambieni.

Aliweka mkungu chini. Uso wake ulibadilika rangi.

"Tangu lini?"

"Tangu Jumanne."

"La ilaha illallah." Akaegemea gari. Kisha akasema kwa sauti ya chini, hakunitazama. "Kaka yangu alikufa kwa maradhi hayo, Bi Mwanamwema. Mie ndiye niliyekuwa nikimshika. Kiu inamuua, na ukimletea kikombe cha maji koo linamfunga, anapiga kelele. Akili zake zote anazo, anakuita kwa jina lako. Wallahi simtakii mtu, hata adui."

Alishusha ndizi zote, akazitupa kwenye majani, akaja nami hadi uani kwetu. Hajawahi kuingia. Mbwa walisimama. Aliikusanya kanzu yake kwa mikono miwili, akapita baina yao.

"Matar, panda gari."

Matar alinitazama mimi, si yeye. "Umekwenda kumwambia huyu?"

"Ndiyo."

"Huyu?"

"Panda gari," Abrahman alirudia. "Ukitaka kunitukana, nitukane njiani."

"Mmekula njama mniulie mbwa wangu!"

"Mbwa wako tutawazungumza ukiwa hai. Ukishafika hali ya kaka yangu hakuna mazungumzo. Hakuna sindano ya kurudisha."

Mvua ikaanza. Mwisho Matar alipanda nyuma, kwenye matone, akakataa kukaa ndani na sisi.

Kituo cha karibu hawakuwa na dawa hiyo, tukaendelea hadi mjini. Muuguzi alimwosha kidonda upya kwa maji mengi na sabuni, akamdunga sindano pembezoni mwa matundu na nyengine begani. Matar hakukunja uso. Nilimuuliza muuguzi pembeni kama tumechelewa.

"Mmechelewa," alisema. "Lakini hajaanza dalili, na hilo ndilo kubwa. Asikose hata sindano moja. Mengine muombeni Mungu."

Tuliporudi Matar aliteremka, akapita mbele yangu kama mimi ni upepo. Hajanisemesha.

Jumatatu, 28 Aprili

Mkutano kwa Sheha; habari ya kuumwa imeshamfikia. Wako waliotaka mbwa wote watatu wapigwe risasi leo leo. Matar alikaa kaangalia chini. Nilingoja Abrahman asimame awaunge mkono, naye akasimama.

"Wawili wamechanjwa, na siku ile walikuwa wamefungwa," alisema. "Kuwaua hawa ni kuwapa nguruwe mashamba yetu kwa mikono yetu. Waache." Watu walinong'ona. "Lakini yule mdogo kaumwa na hana chanjo. Huyo aondoke leo. Matar, nisamehe. Aondoke leo."

Bi Shamsi alisema hilo ndilo lingekuwa salama zaidi. Matar aliinuka, mara ya kwanza kumwona akiomba kitu kwa watu. Aliomba afungiwe peke yake, ndani, asiguswe, mpaka ijulikane. Wakabishana hadi adhuhuri. Sheha akakubali kwa shingo upande: Waseme atiwe ndani ya jiko la zamani la mama, lenye kuta za mawe na mlango wa mbao, kufuli juu, ufunguo nikae nao mimi. Chakula kipitishwe chini ya mlango kwa fimbo. Radhi na Ukuni wamedungwa tena na watabaki kwenye kamba mpaka Bi Shamsi aseme; kwa Waseme chanjo imeshachelewa.

Ufunguo umo kwenye upindo wa kanga yangu. Matar anaupitishia macho kila anapopita.

Jumatano, 30 Aprili

Sindano ya pili. Abrahman kampeleka. Matar kakaa nyuma tena.

Jumapili, 4 Mei

Sindano ya tatu. Mvua kubwa, njia imekatika kwa maji, walisukuma gari. Kasema neno moja nilipompa chai: "Weka."

Alhamisi, 8 Mei

Kila asubuhi namtazama Matar anapokunywa maji. Najifanya nafagia. Naye anajua, kwa hiyo anakunywa taratibu, anamaliza kikombe, anakipindua juu chini ili nione. Kisha anakwenda kukaa nje ya mlango wa jiko na kumsemesha Waseme kupitia ufa. Hadithi zote anazopaswa kuniambia mimi anamwambia yeye.

Jumapili, 11 Mei

Sindano ya mwisho. Nimeswali rakaa mbili za shukurani, lakini moyo hautulii.

Jumatano, 14 Mei

Nguruwe wameingia kwetu. Muhogo wa mama, safu nne. Radhi alikuwa akiwaona kutoka kwenye kamba, mwili mzima unamtetema. Waseme anakula vizuri. Anapiga mkia mlangoni anisikiapo. Nimeanza kufikiri kuwa Matar alikuwa sahihi, na mimi na Abrahman tumemfunga kiumbe bure.

Jumatatu, 19 Mei

Waseme hakugusa chakula. Labda joto.

Jumanne, 20 Mei

Asubuhi nilisikia mbwa anabweka. Nilitoka nikawatazama Radhi na Ukuni. Kimya, wamesimama, wote wawili wanautazama mlango wa jiko. Ndipo nikatambua kwamba mbwa hawa sijawahi kuwasikia wakibweka.

Sauti ilikuwa nzito, imekatika katikati, kama mtu aliyepoteza sauti kwa kulia. Nilichungulia ufa. Alikuwa akitafuna gogo la kuni, mdomo umejaa damu na povu, na aliponiona hakupiga mkia. Alinitazama kama hajapata kuniona, kisha akajirusha kwenye mlango.

Nilimpigia simu Abrahman, naye akaondoka mbio kumfuata Bi Shamsi. Nikakivuta kinu hadi mlangoni, nikakaa juu yake, mgongo kwenye mbao. Mbao zilikuwa zinapokea kishindo chake nyuma ya mabega yangu.

Matar alitoka shambani.

"Nipe ufunguo."

"Sikupi."

"Ana kiu tu. Mafua. Sauti imemkauka. Nimpe maji."

"Matar, msikilize."

"Kola imemkaba. Mbwa huyu kazaliwa mikononi mwangu! Nipe ufunguo!"

"Sikupi."

"Ondoka mlangoni."

"Siondoki."

"Nitakuondosha."

"Niondoshe."

Alinishika mkono, kwa nguvu, kwa ule mkono wake wenye makovu. Nilifumba macho. Ana nguvu za kuninyanyua mimi na kinu changu. Na wakati ule ule Waseme akabweka nyuma yangu, karibu kabisa, sauti ile iliyovunjika, ikaenda ikawa kama mlio wa mtoto na ikakwama.

Mkono wa Matar ulilegea. Alikaa chini kwenye tope, mbele yangu. Tukakaa hivyo, mimi juu ya kinu na yeye miguuni, tunasikiliza, hadi gari ilipofika.

Bi Shamsi alikuja na askari mwenye bunduki. Alichungulia mara moja, akatikisa kichwa. Aliniambia niondoke. Abrahman ndiye aliyenishika bega akanisimamisha. Matar akamwuliza askari kwa upole kama anajua kulenga, kwa sababu mbwa huyu hatulii, na askari akasema anajua.

Risasi moja. Radhi alilala chini na kuweka pua baina ya miguu.

Jumatano, 21 Mei

Wameuchukua mwili kwenda kupima. Jiko limemwagiwa dawa. Matar hajatoka chumbani.

Jumapili, 25 Mei

Mvua zinapungua. Anakunywa maji. Hapindui tena kikombe.

Jumatano, 28 Mei

Bi Shamsi kaja mwenyewe na majibu. Ulikuwa ni ugonjwa wenyewe. Alisema aliyempa Waseme ni yule mbwa mwekundu, hapana shaka, na akamtazama Matar mkononi. Mbwa yule yule, asubuhi ile ile.

Matar aliinuka akaenda nyuma ya nyumba.

Radhi na Ukuni ni wazima. Kawapa ruhusa.

Jumamosi, 31 Mei

Wasasi walikuja mapema. Matar alisema haendi. Walipomsihi akasema mkono hauna nguvu ya kushika mbwa. Walishaanza kugeuka nilipovaa mabuti ya marehemu baba, nikafunga kanga kiunoni, nikazichukua kamba mbili. Mmoja akacheka, kisha akaona kuwa sichezi.

Tulipovuka shamba la Abrahman alitoka naye, kabeba ncha moja ya wavu. Alikaa mbali na mbwa, lakini alikuja. Jua lilikuwa limetoka na mawe yanafuka mvuke.

Pale juu ya mawe sikujua nifanye nini. Radhi alikuwa amejikaza kwenye kamba kama uta, anatazama kitu nisichokiona. Sikujua wakati wa kumwachia. Nikiwahi, nguruwe atageuka. Nikichelewa, ndiyo basi.

"Bado," sauti ikasema nyuma yangu.

Matar alikuwa amepanda bila kishindo, hana mkuki, jasho limemjaa usoni. Alichutama ubavuni mwangu. Hakuzichukua kamba.

"Bado, dada. Mtazame masikio."

Neno lile la dada sikulisikia kwake tangu Aprili. Nilitaka kumgeukia, sikuthubutu.

"Ungelinipa ule ufunguo," alisema taratibu, macho yakiwa kwenye kichaka, "ningefungua."

"Najua."

"Na siku ya gari, ningekimbia, lau Abrahman asingekuja."

"Najua, Matar."

Kichaka kikatikisika. Nilihisi mkono wake unakuja juu ya wangu, mzito, wa moto, ukakaa hapo.

"Sasa," alisema, tukaziachia pamoja.